Kununua trekta jipya: lipatanie bei kama unavyompatania ng'ombe mnadani



Mavuno yameanza kuingia ndani, na kila mwaka kipindi hiki wapo wanaonifuata na swali moja: "Bwana shamba, trekta jipya linauzwa shilingi ngapi siku hizi?" Mimi huwajibu kwa swali: unauliza bei ya kwenye karatasi, au bei ya trekta likiwa limesimama shambani kwako Gitting na plau yake nyuma? Hizo ni bei mbili tofauti, na kati ya moja na nyingine zinaweza kupita milioni kadhaa.

Kupatana bei watu wetu wanajua sana. Nenda mnadani Katesh uone. Mtu anamkagua ng'ombe meno, anamtembeza, anamzunguka, anataja bei, anaondoka. Jioni jua likishuka anarudi, maana anajua mwenye ng'ombe ameshaanza kuwaza kumrudisha nyumbani. Lakini mtu huyo huyo akiingia kwa wauzaji wa matrekta Arusha, akakuta sakafu ya vigae, kijana kavaa tai na soda baridi mezani, anaishiwa maneno. Anauliza mara moja tu, "Bei ya mwisho ngapi?", anapunguziwa laki mbili, anasaini. Ng'ombe wa laki nane amempatania saa nzima. Trekta la milioni sitini amelimaliza kwa dakika kumi.

Na hapo tunaongelea hela ambayo kwa wengi wetu haitapatikana mara mbili. Kuna aliyeuza zizi zima. Kuna aliyepeleka benki hati ya kimila ya shamba la familia. Trekta likishindwa kulipa deni, linaloondoka halitakuwa trekta peke yake. Kwa hiyo leo twende taratibu, hatua kwa hatua.

Angalizo: namba zote za fedha humu ni mfano wa hesabu. Bei za mashine, mafuta na kulimiwa hubadilika. Wewe weka namba zako.

1. PANGA KIKOMO CHAKO UKIWA NYUMBANI

Mtu asiye na kikomo hapatani bei, anapangiwa. Na kikomo cha trekta hakitoki kwa muuzaji, kinatoka kwenye kazi ambayo trekta litafanya kwa mwaka. Chukua daftari, fanya hivi.

Tuseme kulimiwa heka moja hapa kwetu ni shilingi 50,000. Trekta linatumia dizeli lita 7 kwa heka, na lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 21,000. Dereva 5,000. Akiba ya sevisi, matairi na kubadilisha diski za plau, 6,000. Jumla ya gharama ni 32,000. Kinachobaki mkononi ni 18,000 kwa heka. Wengi wanahesabu ile 50,000 nzima, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Sasa hesabu kazi ya mwaka, na shamba lako mwenyewe lihesabu humo, maana hela ambayo ungemlipa mwenye trekta mwingine sasa inabaki kwako:

- Kulima heka 400, kila heka inabakiza 18,000: milioni 7.2
- Kupiga haro heka 200, kila heka inabakiza 13,000: milioni 2.6
- Kusomba mazao kwa tela (tuseme tela unalo tayari au unakodi), safari 150, kila safari inabakiza 20,000: milioni 3

Jumla ni milioni 12.8 kwa mwaka. Ukitaka trekta lirudishe hela yake ndani ya miaka mitano, basi kikomo chako cha juu kabisa, kila kitu ndani yake, ni milioni 64. Andika namba hiyo, ikunje, weka mfukoni. Hiyo ndiyo bei ya haki kwako. Kwa jirani mwenye heka nyingi za kulima inaweza kuwa kubwa zaidi, kwa mwingine ikawa milioni 35, na huyo aangalie trekta dogo, pawatila, au aungane na wenzake.

Uwe mkweli kwenye zile heka. Kwa kasi ya heka 8 kwa siku, heka 400 ni siku 50 za kazi bila kuharibika wala kukwama kwenye tope. Hesabu matrekta yaliyopo tayari kwenye kata yako. Angalia na mashamba yenyewe: huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Hanang vipande vingi ni vidogo na vimeinama. Trekta linapoteza muda kugeuka, na mteremko mkali ni hatari kwa dereva. Anayelima kwenye tambarare za Basotu anaweza kupata heka nyingi kwa siku kuliko wewe, kwa hiyo hesabu yake usiinakili.

Kikao hiki kifanye na mwenzako wa ndoa, na watoto wakubwa kama wapo. Kama dhamana ni shamba la familia, wote wajue namba iliyoko kwenye ile karatasi.

2. KUSANYA PROFOMA TATU ZINAZOFANANA

Usianze kupatana siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya kukusanya karatasi. Nenda kwa wauzaji watatu, omba kila mmoja profoma yenye mhuri, tarehe na muda ambao bei hiyo itadumu. Maonesho ya Nane Nane ni nafasi nzuri kwa sisi wa Kanda ya Kaskazini, kwa sababu pale viwanja vya Themi, Arusha, unawakuta wauzaji wengi sehemu moja. Unaweza kutoka na profoma tatu kwa siku moja bila kulipa nauli mara tatu.

Sharti ni moja: zifanane. Trekta la HP 50 huwezi kulilinganisha na la HP 75. Lenye kuvuta magurudumu yote manne huwezi kulilinganisha na linalovuta ya nyuma peke yake. Andika unachotaka kwenye karatasi moja, toa kopi tatu, mpe kila muuzaji ile ile: nguvu ya injini, magurudumu manne au mawili, plau ya diski ngapi, lenye fremu ya kumkinga dereva likipinduka au la. Hilo la mwisho kwa miteremko yetu usilikubali lipite.

Uliza pia kama aina hiyo ya trekta imefanyiwa majaribio na CAMARTEC, kile kituo cha Serikali cha zana za kilimo kilichopo Arusha. Kupima ubora wa zana za kilimo ni moja ya kazi zao. Muuzaji mwenye ripoti ataitoa bila kusita.

3. LINGANISHA BEI YA KUFIKA SHAMBANI

Hapa ndipo bei ndogo inapogeuka kubwa. Tazama mfano huu wa wauzaji wawili.

Muuzaji wa kwanza:
- Trekta: 58,000,000
- Plau ya diski tatu: 5,500,000
- Usafiri hadi Gitting: 1,800,000
- Usajili na bima: 700,000
- Sevisi ya kwanza: 400,000
- Jumla: 66,400,000

Muuzaji wa pili:
- Trekta: 61,500,000
- Plau ya diski tatu: 2,500,000
- Usafiri, usajili, bima na sevisi ya kwanza: vimo ndani
- Jumla: 64,000,000

Ukitazama mstari wa kwanza peke yake, wa kwanza ni rahisi kwa milioni tatu na nusu. Ukijumlisha, wa pili ndiye rahisi kwa milioni mbili na laki nne. Mstari wa kwanza ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Mistari mingine unaambiwa ukishakubali.

4. CHAGUA WAKATI

Mvua zetu huanza kuonekana Novemba au Desemba. Ukienda kununua trekta mwezi huo, wingu limeshatanda na majirani wameshaanza kulima, muuzaji anakusoma usoni kama kitabu. Anajua kila siku unayokaa bila trekta unapoteza heka. Mtu mwenye haraka hapunguziwi.

Nenda mapema, Agosti au Septemba, baada ya kuvuna na kabla watu hawajaanza kukimbizana. Hela ya mazao ipo, muuzaji anataka kuuza, na wewe unaweza kusema "ngoja nifikirie" ukarudi nyumbani kweli. Wauzaji wengi pia wana malengo ya mauzo ya mwezi au ya mwaka. Siku za mwisho wa mwezi afisa mauzo aliyebakiza trekta moja kufikisha lengo lake huwa mtu mwenye kusikiliza.

5. SASA KAA MEZANI

Nenda na mtu mwingine, hasa dereva wa trekta au fundi unayemwamini. Yeye aongelee mashine, wewe uongelee hela. Na usiende na fedha taslimu kwenye begi, ni hatari, na pia hela iliyoko begini inawasha, inataka kutoka.

Usifungue kwa kusema "bei ya mwisho ngapi?" Ukisema hivyo umemwachia yeye ataje mwisho, na atataja mwisho unaompendeza. Weka profoma mezani, taja namba yako iliyo chini ya kikomo, kisha nyamaza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mkulima: Kijana wangu, hii karatasi yako nimeisoma. Milioni 64 na plau yake. Na hii hapa ni ya jirani yako, trekta milioni 58.

Afisa mauzo: Mzee wangu, ya jirani haina usafiri, haina usajili. Ukijumlisha inaipita yangu.

Mkulima: Nimejumlisha, ndiyo maana nimerudi kwako. Ila mimi ninalipa milioni 61, limefika Gitting.

Afisa mauzo: Milioni tatu chini? Hapo bosi atanifukuza kazi, mzee. Mimi nakutolea laki tano.

(Mkulima anakaa kimya. Anaendelea kutazama zile karatasi.)

Afisa mauzo: Basi ngoja niongee na meneja. (Anatoka, anarudi.) Milioni moja na nusu inatoka, mzee. Hapo kwa kweli ndiyo mwisho wetu.

Mkulima: Yaani 62 na nusu. Kijana, kibao cha trekta hili kinasema limetengenezwa mwaka juzi. Limekaa hapo yadi juani. Niongezee filta seti mbili na sevisi ya pili, tumalize leo.

Afisa mauzo: Filta nakupa. Sevisi ya pili utaleta trekta hapa?

Mkulima: Kutoka Gitting? Fundi aje kwangu. Oili nanunua mimi.

Afisa mauzo: Haya mzee, tumeelewana.

Mkulima: Niandikie profoma mpya yenye hayo yote na mhuri, ndipo niende benki.

Angalia alichofanya huyu mzee. Hakugombana wala hakulalamika kwamba wakulima ni maskini. Alikuja na karatasi ya mshindani, akataja namba yake kwanza, akanyamaza mwenzake alipokataa. Punguzo la hela lilipogota, akahamia kwenye vitu, maana afisa mauzo mara nyingi ana ruhusa finyu ya kupunguza hela lakini ana nafasi zaidi kwenye filta, oili, sevisi na usafiri. Kisha akadai iandikwe. Ahadi ya mdomo ya fundi kuja Gitting haitamtoa fundi Arusha.

Na usidharau ile milioni moja na nusu. Kwa hesabu yetu ya 18,000 kwa heka, hiyo ni heka 83. Ni siku kumi za trekta kwenye jua, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ambazo zimekombolewa kwa maneno ya nusu saa.

Kama kikomo chako kimepita na muuzaji hashuki, simama, mshukuru, mwachie namba ya simu, ondoka. Kuondoka siyo aibu. Mnadani tunafanya kila wiki.

6. MKOPO UONGELEE MWISHO

Ukiulizwa mapema "unalipa keshi au mkopo?", jibu: "Kwanza tuelewane bei." Sababu ni kwamba mkopo ukiingia kabla ya bei, mazungumzo yanahamia kwenye rejesho la mwezi au la msimu. Rejesho linaweza kushushwa kwa kuongeza miaka, wewe ukaona nafuu, kumbe jumla imepanda.

Swali la kwanza kwa mkopeshaji: riba inahesabiwa kwenye deni lote la mwanzo, au kwenye deni linalobaki? Tuchukue bei yetu ya milioni 62.5. Unatanguliza 30.5, unakopa 32 kwa miaka minne, riba asilimia 10 kwa mwaka, unalipa mara moja kwa mwaka baada ya mavuno.

Riba kwenye deni linalobaki: mwaka wa kwanza unalipa milioni 11.2, wa pili 10.4, wa tatu 9.6, wa nne 8.8. Jumla milioni 40, riba ni milioni 8.

Riba kwenye deni la mwanzo: unalipa milioni 11.2 kila mwaka kwa miaka yote minne. Jumla milioni 44.8, riba ni milioni 12.8.

Umeona? Asilimia ni ile ile 10, rejesho la mwaka wa kwanza ni lile lile, lakini tofauti ni milioni 4.8. Huo ni mwaka mzima na zaidi wa kupiga haro. Kwa hiyo usiulize asilimia tu, omba ratiba nzima ya marejesho kwenye karatasi, ujumlishe mwenyewe mpaka mwisho. Ongeza na ada ya kuandaa mkopo na bima.

Sasa rudi kwenye daftari. Kazi yako inabakiza milioni 12.8 kwa mwaka na rejesho la kwanza ni 11.2. Inawezekana, ila nafasi ni ndogo: mvua ikikataa mwaka mmoja umeshakwama. Ungekopa milioni 40 badala ya 32 kwa masharti hayo hayo, rejesho la mwaka wa kwanza lingekuwa milioni 14, yaani deni limezidi kazi kuanzia siku ya kwanza. Mkopo wa namna hiyo usiuchukue hata kama benki imekubali.

Wapi pa kuuliza? Ipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), Mfuko wa Taifa wa Pembejeo ambao umekuwa ukikopesha zana za kilimo, na mabenki ya kawaida. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza unafuu kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na tangu hapo mabenki makubwa yalishusha riba zao za kilimo. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia 18 au 20, usiogope kusema kwamba unajua kuna wanaotoza chini ya hapo. Riba nayo hupatanwa. Omba pia marejesho yaendane na mavuno, siyo kila mwezi. Mahindi hayakomai kila mwezi.

7. BEI NDOGO BILA VIPURI NI BEI KUBWA

Mwaka 2015 Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ilikubaliana na kampuni ya URSUS ya Poland ili matrekta yaunganishwe pale Kibaha. Miaka michache baadaye kampuni hiyo kule kwao ikaingia kwenye matatizo ya fedha na kufilisika. Hapo mwenye trekta anajifunza jambo: kiwanda kikiyumba, swali la vipuri linabaki kwa mkulima.

Kwa hiyo kabla ya kufurahia punguzo, waulize waliotangulia. Matrekta ya aina gani yanaonekana mengi Katesh, Basotu na Babati? Fundi wa Katesh anayafahamu? Filta, klachi na pampu ya haidroliki vinapatikana Arusha, au lazima viagizwe? Trekta lililosimama wiki mbili katikati ya msimu likisubiri kipuri limepoteza zaidi ya heka 100. Kwa hesabu yetu hiyo ni karibu milioni mbili, na inakula punguzo lote ulilopata.

Waranti isome. Angalia ni miezi mingapi au saa ngapi za kazi, na kipi kikitangulia. Angalia inafunika nini na haifuniki nini, na nani analipa safari ya fundi. Matrekta mengi mapya hutakiwa sevisi ya kwanza kwenye saa 50 za mwanzo. Ukiiruka, muuzaji anaweza kukukatalia waranti, kwa hiyo jua mapema nani anaifanya na wapi.

8. KODI NA MALIPO

Trekta la kilimo na zana nyingi kama plau na haro zimo kwenye msamaha wa VAT katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014. Ukikuta profoma imeongeza asilimia 18 juu ya trekta, omba maelezo kabla hujalipa, na ukitaka uhakika ulizia ofisi ya TRA, Babati ipo. Asilimia 18 ya milioni 60 ni milioni 10 na laki nane, si hela ya kunyamazia. Lakini usichanganye: msamaha wa trekta haumaanishi kila kipuri na kila huduma navyo vimesamehewa.

Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililoko kwenye profoma. Usitume hela kwenye simu ya afisa mauzo wala ya dalali, hata akikuambia ni "ya kushikilia trekta lisiuzwe". Dai risiti ya EFD yenye jina lako na kiasi kamili ulicholipa. Ukiambiwa "tukuandikie kidogo ili tukupunguzie", kataa. Siku ya kudai waranti ile risiti ndogo ndiyo itakayosema ulilipa nini.

9. SIKU YA KULICHUKUA

Kabla ya kusaini kwamba umelipokea, hakikisha:

- Namba ya chasisi na ya injini zinafanana na zilizoko kwenye profoma, risiti na kadi ya usajili.
- Mita ya masaa inaonyesha saa chache tu. Likiwa na saa mia moja, siyo jipya hilo, lilikuwa la kufanyia maonyesho, na bei yake irudi mezani.
- Mwaka wa kutengenezwa kwenye kibao ni ule mlioelewana.
- Matairi hayana nyufa, hakuna oili inayovuja, betri inawasha likiwa limepoa.
- Haidroliki inanyanyua ile plau na kuishikilia bila kushuka yenyewe.
- Vitu vyote vya ahadi vipo: filta, jeki, vifaa, kitabu cha maelekezo. Hesabu kimoja kimoja.
- Dereva wako ameonyeshwa matumizi, na ameliendesha mwenyewe.

Kikikosekana kitu, kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla hujasaini. Ukishatoka getini, nguvu yako ya kupatana imebaki ndani.

10. KWA WASIOFIKA HESABU

Najua wengi mkipiga zile namba mtakuta heka hazitoshi. Hilo ni jibu zuri pia, maana limekuokoa. Watu watano wenye mashamba yanayopakana, au AMCOS, wanaweza kununua moja na kulipa kazi. Wauzaji pia husikiliza zaidi kikundi kinachotaka mawili kwa pamoja kuliko mtu mmoja mmoja. Ila kabla ya trekta andikeni: nani analimiwa kwanza, nani analipa likiharibika, dereva anamripoti nani. Mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu atataka kuwa wa kwanza, na urafiki pekee hautatosha kupanga foleni hiyo.

Ukishapata profoma zako, zilete pale ofisi ya kata kabla hujalipa, tukae tuzijumlishe pamoja. Haina gharama, na kalamu ninayo.